Nilivyoikariri Lozère

Mimi nikiamua kukariri kitu, hata shetani hanitoi hapo. Wiki tatu mfululizo, mama mzee wa bosi niliyekuwa nikimtunza kule Al-Naseem, mtaa wa Riyadh, akilala mchana, nilikaa jikoni na ramani ya Lozère kwenye simu. Lozère ni kama kaunti, kusini mwa Ufaransa: milima, ng'ombe, na watu wachache kuliko kaunti nyingine yoyote ya nchi ile.

Kijiji kimoja huko kilitaka mlezi wa wazee. Niliitaka kazi ile kufa na kupona, kwa sababu ningeruhusiwa kumleta binti yangu. Nilimwacha Kenya akitambaa. Sasa ana miaka minane, na mimi ni mama wa kwenye simu.

Basi nikameza kila kitu. Mji wa Mende ndiko anakokaa prefe, mkuu anayetumwa na serikali. Florac kuna naibu wake. Kila kijiji kina meya, hata kiwe na nyumba ishirini. Miaka saba ya Saudia ilinifunza kujua kwanza karatasi zangu ziko mikononi mwa nani.

Kafili, yaani bosi aliyenidhamini na kushika pasipoti yangu, akanipa ruhusa ya siku mbili. Nikapanda basi kutoka Riyadh, nikashuka Jeddah miguu imevimba, nikaenda hotelini mtaa wa Sharafiya kwa mahojiano. Mkurugenzi wa nyumba ya wazee, mama wa Kifaransa mwenye miwani, akaniuliza kama najua ninakokwenda. Weee! Nikamwaga meya, naibu, prefe, mito yote, mpaka akaacha kuandika.

"Na ukituchoka, ukitaka kuhamia kaunti nyingine?"

"Nitamwomba prefe ruhusa," nikajibu. "Akikataa, nitakaa."

Akavua miwani. "Ruhusa ya nini? Unafunga mizigo, unahama. Ofisi yake unaipa anwani mpya, basi."

"Na pasipoti yangu atakaa nayo nani?"

"Wewe."

Nikaangua kilio pale pale, mbele ya mtu ninayemwomba kazi. Mjinga mimi! Nikajua nimeharibu.

Akanisogezea tishu, kisha fomu. "Binti yako yuko darasa la ngapi? Shule yetu ya kijijini ina darasa moja tu, na watoto wakipungua tena itafungwa. Meya ananisumbua kila siku nimtafutie wanafunzi."

"La tatu," nikasema.

Akaniuliza jina lake. Nikamtajia herufi moja moja, polepole, naye akaliandika.