Msusi wa Baraka anayesukia sangala

Saa moja kasoro robo asubuhi, mitumbwi ya mshipi inaingia mwaloni katika mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa kutoka Burundi. Wanawake wanakanyagana kuwahi samaki wakubwa, lakini Émilienne Mwavita hana haja na samaki. Anachotaka yeye ni tumbo. Amechuchumaa kando ya Dévote Niyonkuru, mpasuaji samaki, akingoja kisu kimalize kazi.

Dévote anampasua sangala mwenye urefu wa mkono, anachomoa utumbo na kuusukuma kando kwa ncha ya kisu. Émilienne anaufungua kwa ukucha.

"Ndakala tatu," anasema, akihesabu dagaa waliomezwa. "Ya ine imeshayeyuka. Angalia mugongo yake, iko rangi ya bati."

Anafuta vidole kwenye kitenge, anatoa begini mafundo ya nywele za bandia, zile ambazo wasichana wa mjini husukia, na kuyalinganisha moja moja na kile kisamaki kilichokufa. Fundo jeupe analirudisha. La kijivu lenye mng'ao kidogo linabaki mkononi. Uchaguzi umekwisha, na kufikia saa tatu atakuwa amefunga chambo thelathini vya rangi hiyo.

Émilienne ana miaka thelathini na minane. Kazi aliyojifunza ni ususi, na kibanda chake kiko nyuma ya soko, chenye kioo kimoja na viti viwili. Alizaliwa Lubondja katika familia ya wakulima, akaja Baraka na binti yake Ketsia baada ya milio ya bunduki kuwafukuza shambani. Ziwa alikuwa akiliona kwa mbali tu, akiwa juu mlimani.

Hadithi ya chambo ilianzia kwenye ufagio. Mvuvi aitwaye Eddy, jirani yake, alikuja kumwomba vipande vya nywele nyeupe alivyovifagia sakafuni. Kwa desturi, wavuvi wa mshipi hufunga manyoya ya jogoo mweupe kwenye ndoana. Unyoya ukichezacheza majini, sangala huudhani kisamaki na kuumeza. Mwaka huo majogoo weupe waliadimika, na Eddy alikuwa akitafuta mbadala.

"Nilimuona anafunga vibaya, namna batoto banafunga kamba ya kiatu," Émilienne anakumbuka. "Nikamunyanganya. Nikamwambia, leta hapa, mi nasuka batu tangu niko na miaka kumi na tano."

Fundo lake halikufunguka. Habari zikasambaa mwaloni, na wavuvi wakaanza kupanga foleni kwenye kibanda cha wanawake, wakitazama chini kwa aibu. Leo chambo kimoja ni faranga elfu moja na mia tano, na katika wiki nzuri humwingizia zaidi ya vichwa vya Jumamosi.

Lakini mwanzo wake haukuwa mzuri, na yeye hafichi. Alichagua rangi kama msusi. Alifunga nyekundu, dhahabu, hata zambarau, kila chambo kikimeremeta. Mbaya zaidi, akachovya ncha kwenye maji ya moto, kama ambavyo kila msusi huchovya ncha za rasta ili zinyooke na zisifumuke. Kichwani ni ufundi. Majini, nywele ziligandamana, chambo kikashuka kimekakamaa bila kucheza hata kidogo.

Aliyelipia kosa hilo alikuwa Papa Néhémie, nahodha mwenye mitumbwi mitatu na neno zito kuliko wote mwaloni. Alikaa ziwani siku mbili na watu wake wanne, akarudi mikono mitupu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kibandani, akaweka chambo vyote juu ya kiti cha mteja.

"Aliniambia, mama, hii ni fimbo. Unatutuma tupige samaki ao tuvue?" Émilienne anasema, na mpaka leo hachekeshwi. "Banamuke bote balikuwa pale, kichwa nusu imesukwa. Nilisikia haya ya kufa. Nilikuwa nasukia samaki kama anaenda ku ndoa."

Kuuliza si ujinga, basi akaenda kuuliza. Akamwendea Dévote, mkimbizi kutoka Burundi ambaye huwapasulia watu samaki kwa malipo ya vichwa na mayai. Dévote hakujua lolote kuhusu chambo. Alichojua ni kilichomo ndani ya samaki.

"Nilimwambia, Mama Ketsia, batu banaulizaka muvuvi," anasema Dévote huku akinoa kisu kwenye jiwe. "Muvuvi anakudanganya, anataka kusifiwa. Uliza tumbo."

Tangu siku hiyo hakosi mwaloni. Mvua zikinyesha na mto ukashusha tope, huchagua njano na nyeupe nzito ili chambo kionekane. Maji yakitakata, hupunguza nywele na kufifisha rangi. Maji ya moto amewaachia wateja wa kibandani. Hata hivyo Néhémie aliapa kutonunua tena, na mabaharia wake wakafuata mkondo.

Kisha ukaja Julai mwaka jana. Upepo wa kusini ulipoza maji, na kwa asubuhi nne mfululizo mitumbwi ilirudi mitupu. Chambo cheupe, kijivu, manyoya halisi, vyote vilikwenda na kurudi. Siku ya tano Eddy alirudi na sangala mmoja tu. Dévote akampasua, na tumboni hamkuwa na ndakala hata mmoja. Mlikuwa na uduvi, wadogo kama punje za mchele, wenye wekundu wa kahawia.

Émilienne alirudi kibandani na kuchambua sanduku lake lote. Akatoa nywele za rangi ya divai ambazo hakuna msichana aliyezitaka kwa miezi minane, akazichanganya na kahawia, akakata fupi na kufunga nyuzi chache tu. Kilichotoka kilikuwa kibaya kukitazama.

"Eddy aliniambia, Mama Ketsia, hii inafanana na uchafu ya ku kitana," anasema. "Nikamupa tatu bule. Nikamwambia, basi beba uchafu."

Kesho yake Eddy alirudi na sangala kumi na mmoja.

Siku ya tatu Néhémie mwenyewe alisimama mbele ya kibanda. Hakuomba radhi, wala hakutazama kile kiti. Alitaka chambo ishirini. Émilienne akamwambia hauzi. Angempa vyote ishirini bure, kwa sharti moja: apandishwe kwenye mtumbwi asubuhi moja tu.

Hapo ndipo penye kidonda cha mwanamke huyu. Hajawahi kuona chambo chake kikifanya kazi. Hukijaribu kwenye beseni la buluu, na ndani ya beseni kila chambo ni kizuri. Kinachotokea huko chini, mita hamsini au sitini, yeye husimuliwa na wanaume: kimecheza, kimelala, kimekataliwa.

"Nashona kiatu, sijaona muguu," anasema. "Nabahatisha kila siku. Siku moja nitakosea tena, na sitajua kwa nini."

Néhémie alikataa. Mwanamke hapandi mtumbwi wa mshipi, mwiko ni mwiko. Akipanda, samaki huzama. Émilienne akamjibu kwamba amepanda boti kwenda Uvira mara zisizohesabika na ziwa halikukauka. Mzee akasema neno ambalo limemkaa Émilienne kooni mpaka leo.

"Mama, angalia. Ulikuwa ku inchi kavu, na umetushinda bote. Sasa utafuata nini ku maji?"

Akaacha pesa za chambo ishirini, akavichukua, akaondoka. Kumbe ufundi wa Émilienne ndio uliomfungia mlango. Angekosea, wangemwita aje aone. Kwa kuwa alipatia, wakaona hana haja ya kuja.

"Nililia," anakiri Émilienne. "Si kama ile siku ya fimbo. Ile siku alikuwa na haki. Hii nililia ya hasira."

Hasira hiyo sasa ina mbao na misumari. Huko kijijini Swima, fundi seremala anaunda mtumbwi mdogo wa watu wawili. Nusu ni ya Émilienne, nusu ni ya Dévote, ambaye alikulia kando ya ziwa hili hili upande wa Burundi na alipiga kasia kabla ya kujua kusoma. Fundi ameahidi kuumaliza kabla ya mvua.

Akiulizwa kuhusu mpango huo, Néhémie anainua mabega. "Ziwa haina mulango. Bakitaka, baingie. Lakini ku mutumbwi yangu, hapana." Asubuhi hiyo ameshanunua chambo sita vya kijivu.

Limebaki jambo moja: Émilienne hajui kuogelea. Kila alasiri, akishamaliza kichwa cha mwisho, huingia ziwani na kitenge chake, amekumbatia bidon, dumu tupu la lita ishirini, huku Dévote akimshika kiuno na kumhesabia. Ameshafika hesabu ya kumi na mbili bila bidon. Wasichana wanaofua pembeni huangua kicheko, naye huwaacha wacheke.

Amekwisha kuipanga siku ya kwanza. Hatabeba chambo cha kuuza, wala hatamwita mtu aje kushuhudia.

"Nitashusha mushipi mi mwenyewe, mpaka chini kabisa," anasema, akikamua maji kwenye kitenge. "Dévote ataacha kasia. Nitanyamaza. Halafu nitangoja kitu ya ku maji initafute, ivute, nijue kama samaki alikuwa ananielewa hii miaka yote."