Chuma Nilichokiita Mashine ya Njugu

Kosa lilikuwa langu mimi, si la Mama Consolata, wala si la yule mzee aliyefariki akaacha gereji imejaa vyuma. Nasema hivi mapema kwa sababu nimesikia watu wakilisimulia jambo hili kule Sundbyberg, hapa hapa Uswidi, wakimtaja huyo mama, na mimi nimekaa hapo hapo na kikombe changu cha kahawa, nimenyamaza kama simo. Nilikuwemo. Mimi ndiye niliyewalaza watu karibu sitini sakafuni siku ya bazari yetu pale Husby, watu wazima na watoto wao, na baadhi yao ni watu waliokuja nchi hii ili wasilazimike kulala sakafuni tena.

Mnajua naitwa Fundi Elia. Cheti cha ufundi sina (kazini kwangu Kista mimi ni vaktmästare, mtunza jengo, nabadilisha taa na kuzibua vyoo vya watu wa kompyuta), lakini kwa watu wetu wa ushirika wa kanisa, Watanzania, Warundi, Wakongo na Wakenya wawili watatu, baiskeli ikikatika mnyororo ni Elia, cherehani ikigoma ni Elia, na nisiwafiche, utamu wa kuitwa Fundi mbele za watu unaweza kumlevya mtu kuliko pombe.

Sasa Mama Consolata ni Mrundi, mwalimu wa kwaya yetu, na kazi yake ni kuwatunza wazee majumbani mwao. Mzee mmoja aliyemhudumia miaka mingi alifariki, na binti wa marehemu akamwambia aingie gereji achukue chochote kitakachofaa kuuzwa kwenye bazari ya kanisa. Jumapili moja baada ya ibada akaja na kile kitoroli chake cha sokoni, akatoa vikombe, akatoa taa ya meza, kisha akaomba asaidiwe kunyanyua kitu kizito kilichofungwa kwenye taulo. Akakitua mezani, akanigeukia.

"Weye Fundi, hii kitu ni ya nini?"

Kilikuwa chuma cha rangi ya kijani iliyobabuka, kimekaa kama herufi O. Juu kina tundu pana lenye nyuzi za skrubu, chini kina pistoni inayopanda ukivuta wenzo kuuleta chini, na ncha ya wenzo ina kirungu cha mbao kilicholainishwa na viganja vya mtu. Nikakigeuza huku na huku nikitafuta jina la kiwanda, namba, herufi hata moja tu. Hakuna. Nikakwangua rangi kwa ufunguo wa nyumba, chini yake chuma kitupu. Nikawaza mashine ya kufunga vizibo vya chupa, nikawaza ya kutoboa mikanda ya ngozi, nikawaza ya kukamua ndimu, na kila wazo lilikuwa na kasoro yake. Wakati huo watu kama kumi na wawili walikuwa wamesimama na sahani zao wakinitazama, na mtu mwenye akili zake angesema sijui, nitauliza. Mimi nikakohoa kidogo nikasema:

"Hii ni mashine ya kuvunjia njugu. Zile kubwa za Krismasi, zenye ganda gumu."

(Sijui ilitoka wapi. Nadhani kulikuwa na keki yenye njugu mezani.)

Mama Consolata alifurahi, na kabla sijavaa koti langu ilikuwa imeshaamuliwa kwamba siku ya bazari njugu zitavunjwa papo hapo mbele ya watu, watoto waonjeshwe, wakubwa wauziwe kwenye vifuko, na mtambo utaendeshwa na Fundi mwenyewe.

Nyumbani mke wangu Stella alikitazama kile chuma juu ya meza ya jikoni akaniambia nikipige picha, niulize watu kwenye simu. Nikamwambia mimi nimekua na vyuma. Akasema, "Vyuma unavijua. Hiki hukijui." Nikajifanya sikusikia nikaanza kukisafisha.

Hapo ndipo wasiwasi ulipoanza, na ulianza taratibu. Kwanza, kwenye uwazi wa pistoni lilikuwa likitoka vumbi la kijivu lisilokwisha, laini kama jivu la sigara, nikalifuta kwa kitambaa likatoka tena. Pili, lile tundu la juu lilikataa kila bolti niliyoijaribu, na mimi nina kopo zima la bolti, mpaka nikazungushia moja utepe wa mabomba nikaishindilia kwa nguvu. Tatu, kulikuwa na kimkono kidogo chenye springi kinachoingia kwenye mwanya wa pistoni, na kwenye ncha yake kimekaa kidude cha shaba, duara, kidogo kama kifungo cha shati. Nikajaribu kukitoa kwa ukucha, kikakataa. Nikasema basi, hilo ni pambo, au kifuniko cha springi, nikakiacha. Kichwani pa pistoni nikapachika nati bapa ili njugu ipate pa kukaa, na kazi ikaisha.

Lakini moyo haukutulia. Wiki nzima nikiwa juu ya ngazi nabadilisha taa nilikuwa nakiona kile kifungo cha shaba. Ijumaa nikampigia Mama Consolata nimwambie tuachane na njugu, tuuze vikombe tu, na kabla sijafungua mdomo akaniambia ameshanunua kilo nane, na amewaalika wanakwaya wa kanisa la Kiswidi waje waone. Nikamwambia nilikuwa namsalimia tu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Nilikibana kile chuma mezani kwa majiliwa mawili, nikavaa aproni ya Stella, na njugu ya kwanza ikawa unga, ya pili ikapasuka vizuri katikati, na watoto wakapanga foleni. Kwa muda kama wa saa nzima mambo yalikwenda, watu walinipiga picha, Mswidi mmoja akaniuliza nimekipata wapi, na nikaanza kuamini kwamba labda kweli ni mashine ya njugu, labda Mungu ndiye aliyenitia lile neno mdomoni. Kisha ikaja njugu moja kubwa iliyokwama kati ya nati na bolti, haivunjiki wala haitoki. Nikaona niurudishe wenzo juu kwa nguvu ili pistoni ishuke iiachie. Njugu ikadondoka, kile kimkono kikajiingiza kwenye mwanya, na mimi nikasukuma mpaka mwisho.

Ikalia pa.

Haikuwa kubwa, niliambiwa baadaye, lakini ule ukumbi una dari fupi na sakafu ya mawe, na mlio ulikuwa ule ule wanaoujua. Nilipofumbua macho hakuna aliyesimama ila mimi na Waswidi wanne wenye vikombe. Wote walikuwa chini. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo linalonirudia mpaka leo, walishuka kimya, haraka, kila mtu na mtoto aliye karibu naye, awe wake au si wake. Mama Consolata alikuwa chini ya meza ya keki, kawalalia watoto wawili, mkono wake mmoja umeziba mdomo wa mdogo asilie. Nami nimesimama katikati, nimevaa aproni yenye maua, mkono uko kwenye wenzo, na moshi mwembamba unatoka kwenye mashine yangu ya njugu.

Nikasema, "Ni mimi. Samahani. Ni mimi."

Watu walikuwa bado wanajiinua polepole wakijipangusa magoti wakati gari la polisi liliposimama nje (mtu wa ghorofa ya jirani alishapiga simu, na mlio kama ule kwa huku kwetu hauachwi upite). Wakaingia wawili, mwanamke na mwanamume, mikono iko kwenye mikanda, wakauliza nani amefyatua. Nikajibu kwa Kiswidi changu chote kwamba ni njugu. Yule mwanamke akanitazama, akarudia swali, na mimi nikarudia jibu.

Aliyeniokoa ni Lennart, mzee wa Kiswidi anayeshika funguo za ukumbi, mwindaji wa miaka mingi. Aliinama akakitazama kile chuma bila kukigusa, akatikisa kichwa, akawaeleza polisi kwamba hiki ni kinu cha mwindaji cha kujazia risasi, wanachukua maganda yaliyokwisha kutumika wanayatengeneza upya nyumbani. Na kile kidude cha shaba ni fataki, ile inayowasha baruti, ilikuwa imesahauliwa humo pengine tangu marehemu akiwa kijana, na mimi nimeiminya. Polisi akamuuliza ni cha kiwanda gani. Lennart akakizunguka, akavaa miwani, akavua, akasema hajui. Alisema hivyo tu, hajui, kama mtu anayesema leo ni Jumamosi, na polisi akaandika.

Kisha yule polisi akauliza nani alisema ni mashine ya njugu. Ukumbi mzima ulinitazama.

Nikadhani hapo ndipo mwisho wa aibu. Lennart akapitisha kidole hewani juu ya lile vumbi la kijivu, akaniuliza kwa upole kama kuna mtu amekula hizo njugu. Akasema vumbi la fataki za zamani lina madini ya risasi, ni sumu, hasa kwa watoto. Nilikaa kwenye kiti cha watoto. Stella ndiye aliyepiga simu kwa washauri wa mambo ya sumu, akiwajibu maswali yao moja moja, wameonja wangapi, wana umri gani, njugu ngapi, na mimi nikihesabu nyuso kichwani na kila nikihesabu anaongezeka mmoja. Wakasema watoto wanawe mikono na kusukutua, njugu zote zitupwe, kwa kiasi kile hakuna hatari kubwa, lakini wazazi waambiwe, na mwenye hofu ampeleke mtoto kupimwa.

Wazazi waambiwe. Wengine walikuwa wameshaondoka, wengine waliwaleta watoto wakaenda kazini, kwa hiyo nikaanza kupiga simu, na hapo Kiswahili chetu kikaniangusha, maana madini ni risasi na ile ya bunduki ni risasi. Mama mmoja Mkongo, yuko zamu kwenye nyumba ya wazee, nikamwambia kwa haraka kwamba mwanawe amepata risasi kidogo pale bazari lakini hali yake ni nzuri. Simu ikakatika. Alifika ukumbini na sare yake ya kazi, bila koti, mwezi wa Novemba, akamkuta mwanawe anaipiga kofia mateke kama mpira. Hakunitukana. Alimshika mtoto akamgeuza mbele na nyuma, akamvua fulana akamtazama mgongo, kisha akakaa chini akalia.

Watoto watatu walikwenda kupimwa, na damu zao zilikuwa salama. Nilisubiri majibu hayo siku nne. Kile chuma polisi walikikagua, wakaona hakina tena cha kulipuka, kikaishia kwa Lennart.

Siku ya pili baada ya bazari, mchana, mimi na Stella tulikwenda kwa Mama Consolata kuomba msamaha. Alitukaribisha vizuri, akatuwekea chai na mandazi, nikaanza hotuba yangu niliyoipanga njia nzima, akaniinulia mkono.

"Si mlio, Elia. Mlio umepita." (Hakuniita Fundi.) "Miye nakuuliza kitu kimoja. Siku ile nilipokuuliza mbele ya watu, ulikuwa unajua?"

"Hapana, Mama."

"Na ulijua kama hujui?"

Stella alikuwa anatazama zulia. Nikasema nilijua.

Alimimina chai, akasogeza kikombe upande wangu, akasema ninywe isipoe. Kwenye kwaya alirudi wiki ya tatu, akasimama mahali pake, tukasalimiana kwa mkono.

Basi nimejiwekea nadhiri, na mpaka leo sijaivunja. Mtu akiniletea kitu nisichokijua, namwambia sijui, hivyo hivyo, mbele ya watu wote. Mara ya kwanza nililisema neno hilo huku shingo inatoka jasho, nikingoja wagune, wacheke, wanivue ufundi wangu. Yule jamaa aliyekuwa ameniuliza akasema tu, "Haya," akachukua mzigo wake akaenda kumuuliza mtu mwingine.