Uzi Mwekundu kwenye Kunde

Mume wangu alikuwa na mbuzi, na kila kiangazi mbuzi wake walikonda. Kazi yangu ilikuwa hiyo: kuchanganya aina mbili za kunde nipate ya malisho inayobaki na majani mabichi hata mvua ikikatika. Nilizipanda nyuma ya nyumba, hapa Likasi, kwa sababu shamba la kituo cha utafiti ninakofanya kazi halikuwa na maji. Upande mmoja kunde yetu, majani mapana; upande wa pili kunde ya mwitu kutoka mbali, majani madogo yenye vinyweleo, isiyojua kiu.

Jioni nafungua ua ambalo halijachanua, natoa vichwa vya chavua kwa kibano cha nyusi. Asubuhi nalipaka chavua ya kunde ya upande wa pili, nafunga uzi mwekundu ili nisilipoteze. "Leo unaozesha nani?" mume wangu ananiuliza akipita na ndoo ya mbuzi. Ndoa zenyewe karibu zote zilivunjika. Wazazi walikuwa mbali mno kwa damu, maua yakaanguka. Misimu ikapita hivyo. Mwaka huu ganda moja likashika. Mbegu za ile kunde ya mwitu zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo ganda lile ndilo lilikuwa kila kitu.

Halafu mume wangu akafa kwa presha, mchana, akiwa amevaa viatu.

Kwetu mwenye kilio hashiki sufuria wala jembe. Anakaa kwenye mkeka, wengine wanapika kilichopo. Nilikaa. Watu waliniambia pole, nikawajibu aksanti. Sikulia, na bustani sikuiwaza hata mara moja. Nilikuwa mzito tu, kama nguo iliyolowa.

Mazishi yalipokwisha, wifi yangu, mtu wa maombi, akaniletea bukari, ugali wetu, na mboga. Akaninamia sikioni, akaniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Kula, yaya. Ile nyuzi nyekundu ya ku kunde nilitoa yote, nikachoma, mbele ya bantu kuona. Wangesema ndiyo dawa ya uchawi ulifungia kaka yangu."

Nikatazama sahani. Majani ya kunde yangu, na katikati yake maganda machanga yaliyokatwakatwa. Lile langu, bila uzi wa kulitambulisha, lilikuwa humo. Wifi alikuwa amenilinda, na nililiona hilo wazi. Nikaingoja hasira, nikaungoja na uchungu. Havikuja.

"Iko muzuri?" akauliza.

"Iko muzuri," nikasema, naye akaniongezea.