Mtungi wa Pumba Chachu

Siku hizi nikiwaona watu wanalisha kuku chakula cha gunia hucheka peke yangu. Wanafungua, wanamimina, wanakwenda zao. Sisi vifaranga tuliwalisha kwa ulimi.

Aliyenifundisha ni mavyaa, mama yake mume wangu wa kwanza, huko Mtongwe, miaka miwili hivi kabla ya uhuru. Unaloweka pumba za mahindi kwenye mtungi, unafunika kwa kitambaa, unaziacha siku tatu mpaka zichache na kutoa povu. Kila asubuhi unachota za vifaranga, unaongeza pumba nyingine na maji, unakoroga kwa mwiko. Kifaranga anayekula pumba zilizochacha hahari ovyo na hafi kijinga. Lakini kabla hujampa, onja. Hapo mavyaa hakuwa na mzaha. "Pua usiiamini, mwanangu. Ule ukali hufunika mengi. Tia ulimini. Zikiwa kali kama ukwaju, wape. Ukisikia uchungu, mwaga mtungi mzima uanze upya."

Vifaranga wenyewe walikuwa tisa. Alinikabidhi mwezi wa Shaabani, mbele ya wifi yangu, makusudi. "Hawa ni wa uzazi wake," alisema. Kwetu mwanamke akijifungua hunyweshwa supu ya kuku siku arubaini, na kuku hao huanza kulelewa mapema. Mimi nilikuwa na miaka miwili na nusu katika nyumba ile na tumboni hamna kitu. Wifi, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa akikaa nyumba ya pili, na ua wetu na wake ulikuwa mmoja, kwa hivyo hata nikikohoa alijua. Alikwisha mwambia ndugu yake waziwazi kwamba wakati wa kuoa mwingine umefika. Mume wangu, kibarua wa bandarini, jioni alikaa barazani kubishana na wenzake habari za Mwambao, pwani yetu hii, nani atatawala na nani atahama, lakini kwa jambo langu hakuwa na la ndiyo wala la sivyo. Aliyenikingia kifua ni mavyaa peke yake. Vifaranga wale walikuwa neno lake kwa binti yake kwamba mimi nitazaa. Wakifa, sikuwa na kitu kingine cha kushikilia mle ndani.

Ramadhani ikaingia, na joto la kaskazi. Mwezi ulipoandama nilikuwa nimepitisha siku zangu kwa juma zima. Sikusema neno, lakini mavyaa alihesabu, na wifi naye alihesabu, maana ghafla akaanza kunijulia hali yeye kwanza asubuhi. Basi siku ya sita ya mfungo, damu ikaja. Nililia chooni na kanga mdomoni.

Mwanamke aliye katika siku zake hafungi, kila mtu analijua hilo na kila mwanamke hulificha. Nilikula muhogo uliolala, nimeugeukia ukuta wa jikoni, kama mwizi. Nilitaka siku chache tu. Nilitaka wifi aendelee kunijulia hali.

Na mtungi ukawa unangoja kuonjwa. Nasikia mashekhe husema mfungaji akionja na kutema, saumu yake haiharibiki. Nani alitwambia? Wifi alikuwa mkali wa dini kumpita kadhi, na mbele yake ulimi ukigusa kitu, umekula. Siku tano za mwanzo tulinusa tu, na zilikuwa pumba tupu, Mungu akatusitiri. Lakini Ramadhani kwetu ni nazi: wali wa nazi, mbaazi za nazi, tambi za nazi. Pumba zilikuwa zinakwisha na machicha yalikuwa tele, nikawa nayatia mtungini. Mavyaa aliruhusu machicha, ila ya siku ileile. Mimi nilitia hata ya jana na ya juzi. Uvivu, wallahi, hakuna jina jingine.

Asubuhi ya siku ya nane nilifunua mtungi. Wifi alikuwa hapohapo uani anachambua mbaazi. Mavyaa alikuwa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Nikanusa. Ukali ulikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, harufu ya mafuta yaliyokaa. Ningechovya kidole, wifi angeona, na kabla ya adhuhuri Mtongwe nzima ingejua kwamba tumbo langu ni tupu. Nikamtazama mavyaa. Akatazama pembeni. Nikasema kwa sauti, ili wifi asikie, "Mimi siwezi kuonja, nimefunga." Nikawamwagia vifaranga, wakala kwa furaha.

Adhuhuri kifaranga wa kwanza alisimama amefumba macho, shingo inaning'inia. Kufika alasiri walikuwa wamelala saba, miguu imenyooka, na mama yao anachakura na kuwaita waje kula. Sijapata kuisahau sauti ile. Wawili waliobaki walikufa mikononi mwangu.

Wifi alikuwa amekwenda kwake kupika futari. Mavyaa akainuka, taratibu, mkono ukutani, akaja hadi mtungini. Akachovya kidole, akaonja, akameza.

"Uchungu," akasema.

"Mama, umefunga!"

"Sijafunga hata siku moja tangu mwezi uandame. Na wewe hufungi tangu juzi. Nimeona vitambaa vyako vya siku umevianika chini ya kanga."

Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi. Akanieleza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Hedhi yake ilikatika miaka mingi nyuma, na tangu mwezi wa Hijja uliopita damu ilikuwa imerudi, haikatiki, na nguvu zimemwishia. Aliona aibu kumwambia mwanawe. Aliona aibu kumwambia hata binti yake. Asubuhi ile alijua kwamba mimi naweza kuonja, akanyamaza ili asinifedheheshe. Yeye mwenyewe angeweza kuonja, asionje kwa ajili ya aibu yake. Wanawake wawili wenye ndimi, na vifaranga tisa wamekufa katikati yetu.

Nikamwambia twende hospitali kubwa, ng'ambo ya kivuko. Akanishika mkono. "Ninyamazie, nami nitakunyamazia."

Nikakubali. Nataka niseme wazi: nilikubali upesi, kwa kuwa ilinifaa. Wifi aliporudi, mavyaa akamwambia kuku wamepigwa na kideri. Wifi akawatazama, akanitazama tumbo, akasema kideri hakina adabu. Siku za Idi hakunijulia hali tena.

Kuanzia hapo nikawa nafua vitambaa vya mavyaa mimi. Yeye hakuweza tena kuinama. Nilivifua alfajiri, nikavianika nyuma ya jiko, vingi, kila siku. Nilijiona nafanya wema. Sikufikiri kwamba mwenye macho ya kuhesabu atavihesabu na hivyo. Mwezi wa tatu baada ya Idi mume wangu aliniita chumbani. Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Mume wangu akasema, bila kunitazama, kwamba amesikia natoka damu mwezi mzima, kwamba tumbo la namna hiyo halishiki mtoto, na kwa nini nilimficha.

Mavyaa alikuwa chumba cha pili, na kati yetu palikuwa na pazia tu. Alikuwa macho, nilimsikia akikohoa. Ningesema maneno matatu: si vyangu mimi. Nilingoja ayaseme yeye. Nilingoja, naye akangoja, mpaka mume wangu akasema kwamba nikinyamaza ina maana nimekiri.

Talaka ilinifuata kwetu Mtopanga, juma la pili. Mamangu aliponiuliza, nilimwambia hatukuelewana.

Mavyaa alifariki kabla ya Ramadhani nyingine. Nilivuka kivuko nikaenda mazikoni, mtalaka au si mtalaka. Nilikaa ukumbini na wanawake wengine. Chumba cha kuoshea maiti kilikuwa kimefungwa, na ndani alikuwemo wifi, maana binti ndiye mwenye haki ya kumwosha mama yake. Walikaa sana mle. Maji yaliitwa mara tatu, na pamba ikaitwa tena.

Alitoka anafuta mikono kwa kanga. Akanitazama, na nikajua amejua. Alikuwa ameiona damu ile mwenyewe, na alijua sasa vile vitambaa vilikuwa vya nani. Nilisimama. Nilidhani atanijia, na wallahi ningemsamehe palepale.

Akainamisha macho. Akapeana mikono na wanawake wote, mmoja mmoja, akaniruka mimi, akakaa. Mtu akamuuliza mama aliugua nini.

"Homa," akasema.

Ndugu yake alikuwa amekwisha posa mwingine, harusi ilikuwa mwezi uliofuata.