Mchi wa Evelina

Mume wangu Yotham ni karani wa wizara kule Mtumba, mji wa serikali, na Jumapili hupiga kinanda kanisani, mtaani kwetu Kikuyu. Mwaka huu karekodi albamu ya jazi. Piano, besi na ngoma, basi, hakuna hata neno moja la kuimbwa. Nikamuuliza, "Baba, nyimbo bila waimbaji nani atasikiliza?" Akacheka. Huyo hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Kilichonitia hofu ni wimbo wa nne. Mama yake, Mama Ruthu wa Mpwapwa, zamani alikuwa akitwanga uwele na bintiye Evelina, kinu kimoja, michi miwili, huyu akiinua huyu anashusha. Evelina alipofariki, mama alituambia mchi wa marehemu ameuchoma moto. Tangu hapo anatwanga peke yake. Siku moja nilitaka kumpokea mchi wake, akaniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau. Nimeolewa miaka yote hii, na penye kinu cha mama mkwe mimi bado mgeni. Inauma, nisiseme uongo.

Sasa Yotham kautia mtwango ule kwenye piano: mkono wa kushoto mama, wa kulia Evelina.

"Utamuua mama yako!" nilimfokea.

"Lazima ausikie yeye kwanza, kabla ya watu."

Tukaenda Mpwapwa, tukamwekea albamu. Nyimbo tatu za mwanzo mama alivumilia kwa adabu, kisha akauliza, "Huyo mwimbaji ataingia saa ngapi?" Nikacheka mpaka machozi. Mara ukaingia wa nne. Mama akashika magoti. Mikono ya piano ikapokezana, ikapokezana, halafu wa kulia ukanyamaza, wa kushoto ukaendelea peke yake.

Mama akasimama, akaingia chumbani. Yotham mdomo wazi.

"Haya, umeridhika?" nikamwambia.

Mama akatoka na mchi. Jamani! Ule ule tulioambiwa umechomwa, umeviringishwa kwenye khanga ya Evelina! Nikajua leo mwanawe anapigwa. Kumbe akanikabidhi mimi.

"Emiliana, uwele uko nje. Twende."

Nikamfuata. Nikaanza kutwanga huku machozi yananitiririka, siyaoni hata hayo mawele.

"Usinililie kwenye unga," akasema mama. "Inua, nami nishushe."