Hatua Thelathini Kuelekea Mawe ya Mugunga

Niliondoka Kampala kwa kulazimika. Mafua makali yaliyogeuka homa ya mapafu yalikuwa yameniachia kifua kisichovuka hatua thelathini bila kupumzika, na profesa wangu alikuwa ametamka kwamba nisipoyachagua mwenyewe mawe ya volkano ya Mugunga, karibu na Goma huko Kongo, utafiti wangu angepewa mwenzangu.

Bunagana, mpakani mwa Uganda na Kongo, saa nne asubuhi. Ofisa wa forodha aliiona midomo yangu ikicheza.

"Muzee, unasali?"

"Nahesabu hatua."

"Basi hesabu mupaka Goma, hatukukatazi."

Goma nilifika alasiri, na pale mtaani Birere nikapanda lori la viazi hadi Mugunga, kwa Mama Veronika, dada wa rafiki yangu wa chuoni. Aliniuliza habari za wazazi, ndugu na ng'ombe. Kwenye ng'ombe pumzi ziliniishia.

"Mutoto yangu, unahema kama mutu anasukuma lori."

Asubuhi iliyofuata niling'ang'ania kwenda kwenye mawe kwa miguu. Ili nisionekane mgonjwa, kila hatua ya thelathini niliinama, nikaokota jiwe na kulikagua kwa makini. Baada ya vituo kumi na kimoja mkoba ulikuwa umejaa mawe yasiyo na faida yoyote kwa sayansi, na mlango wa Mama Veronika ulikuwa bado unaonekana. Naye alikuwa amesimama hapo, akitazama.

Aliwaita kaka zake wanne na ingobyi, machela ya kusukwa ambayo huko hutumika kubebea wagonjwa na, jambo ambalo hakuna aliyenidokezea, mabibi arusi. Akanifunika shuka jeupe kwa ajili ya jua.

Njiani wanawake waliotoka shambani walipiga vigelegele, wakatufuata wakiimba. Nilitafakari: kujifunua kungewaaibisha, kunyamaza kungekuwa udanganyifu. Kabla sijaamua, nilikohoa.

"Yee! Bibi arusi anakohoa kama shofere wa lori!"

"Na muzito hivi! Bwana yake atamulisha nini?"

Nikafunua shuka. Waliziona ndevu zangu.

"Pole, mama," mmoja akasema, na wote wakacheka hata wabebaji wakanitua. Kisha walitusindikiza hadi kwenye mawe. Mimi nikachagua, wao wakabeba.

Kampala, profesa alisoma taarifa yangu: "Safari ilifanywa kwa miguu minane, hakuna hata mmoja wangu."

"Na macho yaliyochagua?"

"Yangu, bwana."

Akatia sahihi.

Kifua changu hadi leo kinaikataa hatua ya thelathini na moja. Ila siku hizi nikichoka huketi chini mbele za watu, bila kuokota jiwe.