Muhidini na Pikapu Iliyotetemeka Mteremkoni

Muhidini wa Hamugembe alikuwa akifumba macho anaposikiliza gari. Wapita njia walidhani amesinzia. Mimi nilikua naye, nyumba zetu zikitenganishwa na migomba tu, na nilijua kwamba hapo ndipo alipokuwa macho kuliko sisi wote. Babu yake alitoka pwani akaoa Mhaya. Mjukuu akarithi kofia ya babu na ulimi wa bibi. Vita vilipokuja mwaka sabini na nane, alichukuliwa kutengeneza malori ya jeshi. Alirudi sikio la kulia likiwa zito, na kuhusu aliyoyaona ng'ambo ya mto Kagera alisema neno moja tu: “Malori yalikuwa yanalia, nikayanyamazisha.”

Kisha ikaja miaka ile mingine, ya Ukimwi, isiyokuwa na mizinga, lakini nyumba zikafungwa moja baada ya nyingine. Nikiikumbuka naiona kama kupitia ukungu wa ziwa wa asubuhi. Watu wanatembea, midomo inacheza, sauti hazifiki.

Mwaka themanini na saba mdogo wangu Klaudia alikuwa amelala kwangu Nshambya, amekonda hata pete yake aliifunga kwa uzi isimponyoke. Dawa hakuomba tena. Aliomba kufika kwa mama yetu, Kishanda.

“Dada, nisipelekwe ndani ya sanduku. Nataka niuone mlango wa mama kwa macho yangu.”

Mwenye gari aliyekubali kubeba wagonjwa wa namna yake alikuwa mmoja, Datius, na pikapu yake nyeupe. Huyo ndiye aliyetoa majeneza mjini na kuyafikisha kwenye vibanja vya wenyewe, maana kwetu mtu huzikwa katika migomba ya kwao. Lakini nilipomwendea alitikisa kichwa.

“Waitu, dada yangu, siwezi. Nikikanyaga breki mteremkoni linatetemeka lote, usukani unataka kunitoka mikononi. Niliowabeba hawajashuka.”

“Hawajashuka wapi?”

“Humo humo. Wanalishika gari.”

Nikaona mdogo wangu atafia njiani kwa kutikiswa, au asiondoke kabisa. Nikamvuta Datius hadi kwa Muhidini.

Tulitoka kulijaribu gari kwa barabara ya ufukweni, Datius akiendesha, Muhidini kando yake macho yamefumbwa, mimi nyuma nimeshika bomba.

“Kimbiza,” Muhidini aliagiza. “Sasa kanyaga breki.”

Meno yangu yaligongana.

“Kimbiza tena. Mguu usiguse breki. Vuta ya mkono, taratibu.”

Gari likapunguza mwendo kimya, kama mtumbwi unaogusa mchanga. Muhidini akacheka.

“Datius, wafu wako wana adabu. Breki ya mguu wanaitikisa, ya mkono wanaiheshimu.”

“Fundi, usifanye mzaha na marehemu.”

“Sifanyi. Ya mkono inashika magurudumu ya nyuma, na nyuma ni wazima. Mgonjwa yuko mbele.”

Uani kwake alipiga jeki, akafungua gurudumu la mbele, na diski ya breki ikang'aa kama sahani. Kwa macho haikuwa na kasoro. Akafunga spoku ya baiskeli kwenye chuma kilicho kando yake, ncha yake ikakaribia diski kama sindano inayotaka kuingia kitambaani, kisha akaizungusha diski kwa mkono. Kwii, kimya. Kwii, kimya. Upande mmoja ilikwaruza, upande mwingine mwanga ukapita katikati.

“Imepinda. Pedi za breki zinapoibana zinasukumwa huku na huku, na usukani unacheza. Ukishazika, huwa unafanya nini?”

“Naosha gari, kama dereva yeyote. Utarudishaje msiba nyumbani kwako?”

“Unaoshea wapi?”

“Kijitoni, chini ya mteremko.”

“Magurudumu yakiwa na moto?”

“Yanatoa moshi! Ndoo ya kwanza nayamwagia hayo, si ndiyo yaliyokanyaga penye kaburi?”

Muhidini aliipangusa diski kwa kanga kuukuu, polepole, kama anayempangusa mtoto uso.

“Ndugu yangu, chuma chenye moto ukikimwagia maji ya baridi, tena mara nyingi, kinajikunja. Diski hizi umezipinda wewe, kwa heshima zako.”

Datius alikaa chini kwenye majani makavu ya mgomba. Sijui kama alifarijika au alihuzunika.

Diski ya upande wa pili nayo ilikwaruza. Kwa bahati zote mbili zilikuwa bado nene, zikapelekwa kwa mwenye mashine ya kukereza chuma, zikachongwa sawasawa mpaka zikanyooka. Muhidini alikwangua kutu pale zinapokaa, maana alisema punje moja ya kutu inatosha kuzipindisha upya. Akaweka pedi mpya, na nati akazikaza kwa kuruka, hii kisha ya ng'ambo yake.

“Mila sikukatazi,” alimwambia Datius. “Osha. Ila keti kwanza, mwombee marehemu. Gurudumu likipoa hata ukaweza kuliwekea kiganja, ndipo umwage maji.”

Kesho yake asubuhi tulimlaza Klaudia nyuma juu ya godoro. Muhidini hakuombwa, alipanda, akaketi, akakiweka kichwa cha mdogo wangu mapajani pake. Wakati ule hata ndugu wa damu waliogopa kumshika. Migomba ilipita pande zote mbili, kijani juu ya kijani, na mawingu yalikuwa yakitufuata. Tulipofika mteremkoni nilifumba macho kama Muhidini. Nilisikia upepo, nikasikia Datius akinong'ona sala. Gari lilishuka kama mtu anayeteremshwa kitandani na mikono mingi.

“Dada,” Klaudia aliuliza, “mlima tutaushuka saa ngapi?”

“Tumeshaushuka.”

“Mwongo wewe!”

Alikuwa anacheka.

Mama alitoka mlangoni, mikono ina unga wa mtama. Datius alitaka kumbeba mgonjwa, Klaudia akakataa. Alishuka mwenyewe, akaanza kutembea. Muhidini alimfuata nyuma hatua kwa hatua, mikono ameitanua pasipo kumgusa, mpaka Klaudia alipokishika kizingiti cha mama.